PAA LIMENYAMAZA. JE, NI ZIMA?

Mvua zimekatika. Yale masufuria na madebe yaliyopangwa sebuleni kukinga matone yamerudi jikoni. Kitanda kimesukumwa tena mahali pake, na blanketi limekauka. Ukimwuliza mwenye nyumba, "Mzee, paa lako linaendeleaje?" atakujibu, "Ah, siku hizi halivuji." Ni kweli halivuji. Litavujaje na mvua hamna?

Hapo ndipo tunapoanzia somo letu la leo, ndugu wanakisomo. Wengi wetu tunalikumbuka paa siku ya mvua kubwa, wakati bati linateleza na hakuna awezaye kupanda, na fundi naye yuko kwake anakinga matone yake. Mvua ikikatika, tunalisahau. Lakini wakati huu, majuma machache baada ya mvua, ndio wakati mzuri kuliko wote wa kulikagua. Alama za maji bado zinaonekana kwenye mbao na kuta. Mbao iliyolowa bado ni laini, kwa hiyo ubovu wake haujifichi. Tena mbele yetu kuna miezi ya ukavu ya kutengeneza bila haraka.

Kwa wenzetu wa Pwani, Tanga, Kilimanjaro na kando ya Ziwa Victoria, ambako kuna masika na vuli, kazi hii ni ya mwezi wa Juni, kabla vuli haijaanza kunyemelea mwezi wa Oktoba. Kwa wenzetu wa Dodoma, Singida, Tabora, Iringa na Ruvuma, ambako mvua ni ya msimu mmoja, mnaweza kuanza hata mwezi wa Mei. Msingoje hadi Novemba.

YALIYOTUPATA SISI WENYEWE

Tuwaeleze jambo ambalo hatulisimulii kwa kujisifu. Katika kijiji kimoja tulichokuwa tukifundisha, darasa la kisomo lilikutana katika chumba cha mbele cha nyumba ya mama mmoja, naye alikuwa mwanakisomo mwenzao. Katika chumba cha nyuma aliweka mahindi yake juu ya kichanja, magunia tisa.

Wakati wa masika tone likaanza kudondoka katikati ya darasa, karibu na ubao. Tukaweka ndoo. Kijana mmoja akapanda akapaka lami juu ya bati, sawasawa na pale ndoo ilipokaa. Mvua iliyofuata, tone likarudi. Akapaka tena. Mwishowe masika yakaisha, tone likaacha, na sisi walimu tukamwambia mwenye nyumba, "Mama, sasa limepona."

Limepona wapi! Maji yalikuwa yakiingilia juu kabisa, chini ya kofia ya paa, karibu mita tatu kutoka pale tulipoweka ndoo. Yalitambaa chini ya bati hadi yakakutana na mbao, yakaifuata mbao. Mengine yalikuja darasani. Mengine yalikwenda upande wa pili, yakashuka kimya kimya nyuma ya magunia. Upande ule hakuna aliyeweka ndoo, kwa sababu hakuna aliyesikia tone. Magunia yalikuwa yanayanywa.

Mwezi wa Agosti mama alifungua gunia la nyuma. Mahindi yalikuwa yameshikana kama tofali, na yana ukungu wa kijani. Magunia mawili. Shauri lake la kwanza lilikuwa kuyaosha, kuyaanika na kuyasaga, maana ni nani anayetupa chakula? Bahati njema bibi afya wa kijiji alikuwepo akamzuia. Ukungu wa namna hiyo unaweza kutengeneza sumu iitwayo sumukuvu. Sumu hiyo haitoki kwa kuosha, wala haimalizwi na moto wa kupikia ugali. Mwaka 2016 katika mikoa ya Dodoma na Manyara watu waliugua na wengine wakafa kwa sumukuvu iliyokuwa katika mahindi. Basi magunia mawili yakafukiwa shimoni, na ule ulikuwa mwaka wa njaa kwake.

Haikuishia hapo. Oktoba, upepo wa kwanza wa vuli uling'oa mabati matatu upande uleule. Mbao zilikuwa zimeoza, misumari ikatoka kama jino bovu. Bati moja liliangukia kwenye njia ya watoto wa shule. Watoto walikuwa wameshapita.

Mama yule hakutulaumu. Alisema tu, "Mwalimu, siku ile ulitazama ndoo, hukutazama paa."

MAJI HAYADONDOKI PALE YANAPOINGILIA

Hili ndilo jambo kubwa katika somo hili, nasi tunaomba msomaji alisome mara mbili. Paa limeinama. Maji yakipenya tundu, hayaanguki moja kwa moja. Yanagandamana na tumbo la bati na kuteremka nalo mpaka yakute kizuizi: kichwa cha msumari, kifundo cha mbao, au ukingo wa papi. Hapo ndipo yanapodondoka. Kwa hiyo, ukiona tone, tundu lake liko juu zaidi kuelekea mgongo wa paa, na mara nyingine liko pembeni pia. Karibu kamwe haliko chini ya pale lilipoangukia tone.

Hebu tuelewane majina kabla hatujaendelea, maana kila mahali mafundi wana lugha yao. Kenchi ni zile mbao kubwa zilizoungwa pembe tatu, ambazo zinabeba paa zima. Papi ni mbao nyembamba zinazolala juu ya kenchi, na bati hupigiliwa juu yake. Kofia ni lile bati lililokunjwa linalofunika mgongo, pale pande mbili za paa zinapokutana.

ANZA NDANI, TENA GIZANI

Watu wengi wakisikia "kagua paa" wanatafuta ngazi. Acha ngazi kwanza. Sehemu kubwa ya kazi hii hufanyika ukiwa umesimama sakafuni.

Chagua siku ya jua kali, saa sita mchana. Funga milango na madirisha yote, ziba hata nyufa za dirisha kwa kanga. Kaa ndani kimya kama dakika kumi ili macho yazoee giza. Kisha tazama juu. Utashangaa. Nyumba uliyodhani ni nzima itakuwa na nyota kama mbinguni! Kila nyota ni tundu. Nyingine ni tundu la msumari uliochomoka, nyingine ni kutu iliyokula bati mpaka likatoboka. Zitie alama kwa mkaa kwenye mbao ya jirani. Kama unafikia, pitisha njiti ya fagio la chelewa kwenye tundu itokeze nje, ili atakayepanda baadaye alione bila kubahatisha.

Lakini usiridhike na nyota peke yake. Pale bati linapolalia bati jingine mwanga haupiti, ila maji yanapita, hasa kama fundi alibana matumizi. Wenye nyumba wengi, na tunasema hivi bila kumsema mtu, humwambia fundi, "Vuta bati kidogo, tuokoe moja." Ukivuta sana, maungio yanakuwa mafupi, na mvua ya upepo inarudishwa juu na kuingia ndani. Bati la juu lilalie la chini yapata sentimita 15, na kwa ubavuni lifunike mawimbi mawili, au lisipungue moja na nusu.

Kwa hiyo baada ya nyota, washa tochi, fungua madirisha, na utafute mistari. Maji yanapokauka kwenye mbao huacha ukingo wa rangi ya chai. Anzia pale lilipokuwa linaanguka tone na ulifuate lile doa kwenda juu, kama mwindaji anavyofuata nyayo. Tazama pia kuta. Mchirizi wa kahawia unaoanzia juu ya ukuta ni maji yaliyoshuka ndani bila kutoa sauti. Nyumba zenye dari zina taabu zaidi, kwani dari huficha kila kitu mpaka siku inapobomoka. Kama kuna mlango wa dari, ingiza kichwa na tochi. Kama hakuna, tazama dari lilipovimba au lilipoota madoa ya duara, na ulinuse. Harufu ya ukungu haidanganyi.

Ukishindwa kabisa kupata tundu, iko njia ya maji. Mmoja akae ndani, mwingine awe nje kwenye ngazi na ndoo na kopo. Mwageni maji sehemu ya chini ya paa kwanza, polepole, kwa dakika tano. Hamna kitu? Pandeni juu kidogo. Halafu juu tena. Mkianzia mgongoni, maji yatateremka kote na hamtajua yaliingilia wapi. Tumeona watu wakimaliza pipa zima kwa kosa hilo.

MSUMARI MMOJA MKONONI

Chukua msumari wa inchi nne, au kisu cha zamani. Bonyeza mbao kwa nguvu ya mkono tu. Mbao nzima hukataa. Mbao iliyooza huupokea msumari kama muhogo uliopikwa. Usibonyeze katikati ya kenchi peke yake, pale penye hewa, kwani pale huwa pazima karibu siku zote. Bonyeza mwisho wake, pale inapokalia ukuta. Hapo maji hukaa, upepo haufiki, na mbao huoza bila mtu kuona. Bonyeza pia papi ya mwisho kabisa, ile ya ukingoni mwa paa.

Gonga mbao kwa kipande cha mti usikilize. Mbao iliyoliwa ndani hulia kama ngoma. Unga mweupe au wa manjano sakafuni au juu ya kabati ni kazi ya bungua. Njia za udongo zinazopanda ukutani, nene kama kalamu, ni barabara za mchwa. Usizikwangue tu na kuondoka, maana keshokutwa zitajengwa upya. Zifuate mpaka uone zinaishia kwenye mbao gani. Ukuta uliolowa masika mazima huwavuta mchwa, kwa hiyo mwezi huu ndio wanaofanya kazi ya zamu mbili.

KWA NINI MISUMARI HUTOKA

Mwanakisomo mmoja alituuliza swali zuri sana: "Mwalimu, msumari niliupiga mwenyewe mpaka mwisho. Ni nani aliyeuvuta?" Jibu ni kwamba umevutwa na jua na mvua kwa kupokezana. Mchana bati hupata moto na kutanuka. Usiku hupoa na kusinyaa. Mbao nayo ikilowa huvimba, ikikauka hunywea. Kila mara msumari husogea kidogo mno, mtu hawezi kuona. Lakini mara elfu? Mara elfu mbili? Kichwa huinuka, raba iliyo chini yake hukauka na kupasuka, na pale panakuwa mlango wa maji na mahali pa kushikia upepo.

Upepo nao hausukumi tu. Hebu fanyeni jaribio hili darasani. Shika kipande chembamba cha karatasi mbele ya midomo, kininginie. Sasa puliza juu yake, usipulize chini. Mmeona? Karatasi imeinuka. Upepo ukipita kwa kasi juu ya paa hulivuta kwenda juu namna hiyo, na kama mlango uko wazi, upepo mwingine huingia na kulisukuma kutoka chini. Ndiyo maana bati huondoka kama ukurasa wa kitabu. Mwezi wa Mei mwaka 2024, Kimbunga Hidaya kilipofika pwani yetu upande wa Mafia na kusini, wengi walijifunza kwamba vimbunga si habari za nchi za watu. Basi Mamlaka ya Hali ya Hewa ikitangaza upepo mkali redioni, mwenye misumari iliyolegea hana muda tena wa kupiga nyundo.

Ukikuta msumari umeinuka, usiurudishe kwenye tundu lilelile. Tundu limeshapanuka, utashika juma moja tu. Ung'oe, piga mwingine mrefu zaidi wenye raba mpya, na upigwe juu ya wimbi la bati, si bondeni ambako maji hupita. Kama mbao yenyewe imeoza, hata msumari wa dhahabu hausaidii. Badili mbao.

Kagua vilevile vifungo vinavyoishika kenchi na ukuta. Nyumba nyingi zimefungwa kwa waya au ukanda wa chuma uliozikwa ukutani. Ukivuta waya kwa kidole ukakatika kama biskuti, ujue paa lako limekaa tu kama kofia kichwani, halikufungwa.

Na yale mawe juu ya bati, pamoja na matairi mabovu? Tunajua sababu yake, lakini hatukubaliani nayo. Chini ya jiwe maji hayakauki, na kutu huanzia papo hapo. Siku ya upepo wa kweli jiwe nalo huruka. Ondoa jiwe, piga msumari.

NJE, LAKINI KWA MBALI

Sasa toka nje. Simama mbali, hatua thelathini, utazame mgongo wa paa dhidi ya mbingu. Unatakiwa uwe umenyooka kama mstari wa daftari. Kama umebonyea katikati, kuna kenchi imevunjika au imeoza. Wenye simu za kupiga picha wanaweza kuvuta picha karibu na kuikuza. Hiyo ni salama kuliko kupanda.

Tazama kutu. Kutu nyepesi ya juu juu si hatari ya leo. Kutu inayoacha magamba ni bati linalokufa. Mara nyingi hutokea mahali panne: juu ya jiko la kuni, kwa ajili ya moshi, chini ya mwembe, kwa ajili ya majani yanayolala na kuoza, pale mabati yanapolaliana, na pale paa linapokutana na ukuta, hasa kama mtu alipaka saruji mbichi juu ya bati. Saruji mbichi hula zinki, ambayo ndiyo nguo ya bati. Wenzetu wa karibu na bahari mna chumvi pia. Mnaponunua bati jipya kumbukeni hesabu ya geji huenda kinyume: geji 32 ni nyembamba kuliko 30, na 30 ni nyembamba kuliko 28. Namba kubwa, bati dogo.

Wenye umeme wa jua, tazameni pale vyuma vya sola vilipotobolea bati. Siku hizi tunakuta nyumba ambayo haikuvuja miaka kumi, ikaanza kuvuja mwezi uleule ilipopata taa.

Kama ni lazima kupanda, panda asubuhi umande ukishakauka, mwenzako ashike ngazi, na kanyaga pale penye mstari wa misumari, kwa sababu chini yake kuna papi. Kaa mbali na waya wa umeme unaoingia nyumbani. Nyumba chache, na majengo ya zamani ya umma, yameezekwa kwa asbesto, ile inayofanana na saruji ya kijivu yenye mawimbi. Hiyo usiipande, usiitoboe, usiikwangue, wala usiivunje mwenyewe. Vumbi lake likiingia mapafuni huleta maradhi mabaya baada ya miaka mingi. Toa taarifa kwa bwana afya.

NYASI, MAKUTI NA TEMBE

Hatukuwasahau wenye mapaa ya asili. Nyasi na makuti hufa kwa namna nyingine. Juu panaweza kuonekana panene, kumbe kamba za kufungia zimeoza. Ingiza mkono toka ndani, vuta kamba moja moja, hasa karibu na ukingo. Angalia mgongo, maana hapo ndipo pembamba na ndipo mvua hupiga zaidi. Matundu ya panya na ndege yazibwe sasa kabla hayajawa mifereji. Paa lililoinama kidogo tu halimwagi maji upesi, nyasi hubaki na unyevu zikaoza. Hilo halitengenezwi kwa kiraka. Siku ya kuezeka upya, liinueni.

Wenzetu wa Ugogo wenye nyumba za tembe, tafadhali msome hapa kwa makini kuliko wote. Paa la bati likioza utalowa. Tembe likioza litakuua. Udongo wa unene wa sentimita 15 kwenye mita moja ya mraba una uzito unaozidi kilo 200, nao ukilowa huongezeka. Uzito wote huo unabebwa na magogo ambayo mchwa wanayala ndani. Kila mwaka mtu huongeza udongo juu ili kuziba mvujo, na kila mwaka mzigo unakua huku gogo linapungua. Ukiona udongo unanyunyiza toka darini, gogo limepinda, au nguzo imezama, waondoe watoto wasilale chini yake usiku huohuo. Halafu ndipo mfikirie matengenezo.

KUZIBA NI KWA SASA, KUTENGENEZA NI KWA MIAKA

Tundu dogo la kutu unaweza kulisafisha kwa brashi ya waya mpaka ling'ae, ukapaka lami, ukalaza kitambaa kikavu, ukapaka lami tena. Hiki ni kiraka, kitakuvusha msimu. Tundu linalopitisha kidole linataka bati jingine. Tunawajua watu waliotumia pesa nyingi za lami kuliko bei ya bati moja, kwa sababu lami hununuliwa kidogo kidogo na bati hununuliwa mara moja. Mkiwa majirani kumi, mnaweza kuchangiana kwa zamu, kama mnavyofanya kwenye upatu, mwezi huu paa la huyu, mwezi ujao la yule. Wazee waliosikiliza redio vikundi kwa vikundi wakati wa kampeni ya Mtu ni Afya, mwaka 1973, wanakumbuka jinsi kikundi kilivyotoka darasani kwenda kuchimba choo. Paa nalo linakubali mwendo huo.

Na mifereji ya kukingia maji ya mvua isafishwe wakati huohuo. Majani yakiziba, maji hurudi chini ya bati na kuozesha papi ya ukingoni, na mbu huzaliana hapo.

HESABU NA MASWALI YA KUJADILI

Fanyeni hesabu hizi katika daftari zenu kabla ya siku ya kukutana.

1. Tone moja linadondoka kila sekunde. Matone 20 ni karibu mililita moja. Kwa siku moja, yaani sekunde 86,400, ni maji kiasi gani? (Jibu letu ni lita 4 na kidogo. Kwa siku 30 ni madebe sita na nusu ya lita 20. Je, yalikwenda wapi nyumbani kwako?)

2. Mvua ya milimita moja juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Nyumba yenye paa la mita 8 kwa mita 6 imenyeshewa milimita 50. Ni mapipa mangapi ya lita 200? Mmekinga mangapi?

3. Katika nyumba ya mama tuliyemtaja, tungefanya nini mwezi wa Juni ambacho hatukukifanya?

4. Kaeni gizani saa sita mchana, kila mmoja nyumbani kwake. Mje na idadi ya nyota mlizohesabu, na kando ya kila moja mwandike: ya msumari, ya kutu, au ya panya.